Kuipima Kadi kwa Joto la Diani

Fundi wa kompyuta namheshimu kwa swali lake la kwanza. Mpiga video wa harusi anaingia dukani Ukunda, jasho lamtiririka, kompyuta ya mezani mikononi. "Fundi, hii yanizimikia kila nikianza kutoa video." Fundi hashiki bisibisi. Anauliza, "Yazima yote, taa na feni, ama skrini ndiyo yaingia giza na feni zabaki zavuma?" Kijana anafikiri kidogo. "Zavuma, kaka. Tena zavuma kwa nguvu." "Na yaanza papo hapo?" "La. Mchana haimalizi hata robo saa. Usiku yavumilia."

Kwa majibu hayo nusu ya kazi imeshafanyika. Kompyuta inayokatika yote kwa mpigo mara nyingi inalia na umeme: pawa saplai imelemewa ikajizima isije ikaungua. Skrini ikiingia giza huku feni zimepanda mbio, kadi ya michoro yenyewe ndiyo iliyopotea. Mfumo hauioni tena, na feni zimebaki bila wa kuziongoza. Na ugonjwa unaokuja mchana ukaondoka usiku, hapa Pwani Kusini, mtu ataanza kulishuku joto kabla ya kitu kingine chochote. Lakini kushuku si kujua. Hapo ndipo inapoanza kazi ninayotaka kuisifu, kazi ya kuchagua programu itakayoibana kadi mpaka iseme kinachoiuma.

Wengi wetu tunadhani iko programu moja kubwa ya kupimia kadi, na kwamba ikimaliza bila kuzimika basi kadi ni nzima. Haiko. Kila programu inauliza swali lake, na kadi hujibu lile iliyoulizwa tu. Ukiuliza swali lisilohusu, utapewa jibu safi kabisa lisilokusaidia kitu.

Tuseme kwanza kadi hizi zinafanya nini huku. Diani ina harusi za ufuoni karibu mwaka mzima, na siku hizi bibi harusi hatosheki na picha za mnato. Anataka filamu, droni ikipita juu ya minazi, video ya 4K, na anaitaka kabla hajapanda ndege kurudi kwao. Kuna wachoraji wa majumba, kutoka Tiwi mpaka Galu, ambao mteja wao anataka kutembea ndani ya nyumba kwenye skrini kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Kuna vijana wa gemu. Na mashine zao nyingi ni za mtumba, zile tunazoziita ex-UK, zilizotoka ofisini Ulaya zikiwa na pawa saplai ya wati 240 au 300 na nafasi finyu ya ndani. Mashine hizo zilitengenezwa ziandike barua na kufungua hesabu. Sisi tunazipachika kadi na kuzitaka zifanye kazi ya studio.

Kwa hiyo kabla ya programu yoyote, fundi anapiga hesabu. Tundu la PCIe kwenye madabodi linatoa wati 75, basi. Kebo ya pini sita inaongeza 75, ya pini nane 150. Kadi kama GTX 1050 Ti inaishi kwa wati 75, ndiyo maana inapendwa kwenye mashine za mtumba: inachomekwa tu, haitaki kebo. RTX 3060 inataka 170. RX 580 inataka 185. Aliyeibana RTX 3060 kwenye pawa saplai ya wati 240 kwa kebo za kuungaunga hana haja ya kipimo. Ana haja ya kuambiwa ukweli kabla nyumba haijashika moto.

Halafu anauliza kadi jina lake. Hili nalipenda sana, kwa sababu wengi wanaliruka. Sokoni zimezagaa kadi za zamani zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama mpya: ndani ni GTX 550 Ti ya mwaka 2011, nje imeandikwa 1050 Ti. Programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, kutoka kwa watu wa TechPowerUp, tangu 2018 imefundishwa kuzitambua kadi bandia za aina hiyo, na ikiiona inaandika neno la onyo mbele ya jina lake. Kuipima kwa masaa kadi iliyodanganya jina ni kupoteza stima.

Sasa moto. Jina linalotajwa kwanza kila mahali ni FurMark, na lina haki yake. Imekuwapo tangu 2007. Inachora pete nene iliyoota manyoya, ikizunguka katikati ya skrini, na kila unywele unaikokotesha kadi hesabu. Haina hadithi, haina mandhari, haipumziki. Ndani ya dakika chache kadi inakula umeme wake wote na joto linapanda kwa mstari ulionyooka. Kwa swali la joto peke yake, yaani je, feni na vyuma hivi vinaweza kuutoa moto wote ambao kadi hii inaweza kuuwasha, sijui kipimo cha haraka zaidi.

Ila FurMark ni kali kiasi kwamba watengenezaji wenyewe waliiogopa. Mwaka 2008 draiva za AMD zilikuwa zinalitambua faili lake kwa jina na kuipunguza kadi kasi. Watu wakagundua kuwa ukilibadilisha jina faili, kadi inarudi kukimbia. Novemba 2010 Nvidia ilipotoa GTX 580 iliweka vipima umeme juu ya kadi, na draiva ikawa inaibana kadi inapoiona FurMark au programu nyingine ya kupimia, OCCT. Kadi za leo hazihitaji hata kulitazama jina la programu. Zina kikomo cha wati, na zikikifikia zinashusha mwendo zenyewe.

Na hapo ndipo ilipo siri ambayo fundi wa kweli anaijua. Kwa kuwa FurMark inakimeza kikomo chote cha wati, kadi inalazimika kukimbia kwa mwendo wa chini kuliko ule inaoutumia kwenye gemu au kwenye kutoa video. Inapata moto sana, lakini haifiki kilele cha mwendo wake. Sasa kadi yenye ugonjwa unaojitokeza mwendo ukiwa juu kabisa itapita FurMark usiku kucha, halafu ianguke kwenye gemu jepesi baada ya dakika mbili. Mteja atarudi amekasirika, na atakuwa na haki. Ndiyo maana ninapomwona mtu amewasha pete ya manyoya, akasubiri dakika kumi na kutangaza kadi nzima, roho yangu haitulii.

Anayejua huifuatisha na kitu kinachopanda na kushuka. Heaven, iliyotolewa na kampuni ya Unigine ya Urusi mwaka 2009, inaipitisha kamera juu ya visiwa vinavyoelea angani, vyenye majumba ya mawe na meli iliyoning'inia hewani. Mahali pengine kazi ni nyepesi, mahali pengine nzito, na kadi inabadilisha mwendo na volti kila mara. Ni ya zamani sasa, na kwa kadi mpya kubwa haitoshi. Mwaka 2017 waliileta Superposition, iliyo nzito zaidi. 3DMark ya Wafini ina kipimo cha uvumilivu kinachorudia mandhari ileile mara 20, kisha kinalinganisha: mizunguko yote ikikaribiana kwa asilimia 97 au zaidi, umepita. Nakipenda kigezo hicho kwa sababu hakiulizi kadi ni kasi kiasi gani. Kinauliza kama mwishoni iko vilevile ilivyoanza, na mtu wa Diani mwezi wa Februari hana swali kubwa kuliko hilo. Kizuizi ni kwamba kipimo hicho kimo kwenye toleo la kulipia, na si kila duka la Ukunda linaona sababu ya kulipia.

Kumbukumbu ya kadi ni mlango mwingine kabisa. Ikiwa mteja analeta malalamiko ya vidoti vya rangi, miraba ya kijani, au video inayotoka na mistari ambayo haikuwamo kwenye kamera, joto si la kuulizwa kwanza. Chipu za kumbukumbu ndizo za kuulizwa. OCCT, kazi ya Mfaransa mmoja iliyoanza zamani na inayoboreshwa hadi leo, ina kipimo cha kumbukumbu ya kadi na inahesabu makosa badala ya kumwachia fundi akodoe macho. Na ipo memtest_vulkan, programu ndogo ya bure yenye msimbo ulio wazi, isiyo na picha hata moja: dirisha jeusi, namba zinashuka. Inaandika kwenye kumbukumbu, inasoma, inalinganisha. Baada ya dakika tano inakwambia kama kipimo cha kawaida kimepita, na ukitaka unaiacha iendelee. Kosa moja tu likitokea, hakuna mjadala. Kumbukumbu nzima haikosei hata mara moja.

Kipimo hiki kimekuwa na thamani ya pekee tangu 15 Septemba 2022. Siku hiyo sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za michoro, na kadi zilizokuwa zimekesha miaka kwenye maghala ya uchimbaji zikamwagika sokoni duniani kote. Uchimbaji ule ulikuwa unazichosha kumbukumbu na feni kuliko kitu kingine. Kadi nyingi za RX 570 na 580 zilibadilishwa hata mipangilio ya ndani ya kumbukumbu ili zichimbe haraka. Zikifika kwa mwenye kuhariri video zinafutwa vumbi, zinang'aa, bei ni tamu. Zipo nzima nyingi, sizisemi vibaya zote. Lakini FurMark haitakwambia ni ipi.

Turudi kwa kijana wetu na RTX 3060 yake. Fundi hakuianzisha kwenye moto. Kwanza aliiwasha, akaiacha ikae bure, akasoma: chumba nyuzi 31, kadi 44, feni hazijaanza. Akayaandika kwenye daftari la mistari, lile la wanafunzi, na saa, na jina la programu na toleo lake. Kisha akafungua rekodi za makosa za Windows. Zilikuwa zimeandika kwamba draiva ya kadi iliacha kujibu. Mfumo huipa sekunde mbili, isipojibu unaianzisha upya, na ikishindikana ndiyo giza. Basi kadi kweli. Memtest_vulkan ikapita bila kosa. Akaandika.

Ndipo akawasha pete ya manyoya, dirisha dogo, si skrini nzima, ili pembeni aziweke namba za HWiNFO, programu ya kusoma vipima joto vya kadi. Hapa nilisogea karibu. Hakuitazama ile pete hata kidogo. Alitazama safu tatu: joto la chipu, joto la sehemu yake yenye moto zaidi, na mwendo. Dakika ya pili, 68 na 89. Dakika ya nne, 77 na 101. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kitufe cha kutoka. Dakika ya sita chipu ilifika 83 na mwendo ukaanza kuporomoka, na upande wa GPU-Z pale panapoandikwa sababu ya kadi kupunguza mwendo, palibadilika kutoka umeme kuwa joto. Akazima. Hakuingojea ife mbele yake ili aamini.

"Tazama hapa, ndugu yangu," akamwambia kijana, akimwonyesha kwa kalamu. "Chipu nzima ni 83, lakini kuna pembe yake imefika mia na ushei. Zikipishana kumi, kumi na tano, ni sawa. Zikipishana zaidi ya ishirini, chuma hakijaigusa chipu vizuri." Akaifungua kadi. Pesti ya joto ilikuwa imesukumwa pembeni, katikati imebaki ngozi kavu. Na kwenye meno ya dhahabu yanayoingia tunduni kulikuwa na ukungu wa chumvi, mwembamba, unaouona ukiigeuza kadi dirishani. Hiyo ni ya kwetu. Aliyeishi hatua chache kutoka baharini anajua upepo wa kusi unavyoingia hata kwenye kabati lililofungwa. Akayasugua meno kwa raba laini ya penseli, akayapangusa kwa alkoholi ya isopropili, akaweka pesti mpya, akakaza skrubu nne kwa kupishanisha, kona kwa kona, kila moja nusu mzunguko.

Kipimo cha pili, programu ileile, dirisha la ukubwa uleule, chumba kimepanda hadi 32. Chipu ikatulia 74. Ile pembe, 87. Mstari ulilala na haukunyanyuka tena.

Mtu mwingine angefunga na kupokea pesa. Huyu alikuwa amemaliza swali la joto tu. Aliiendesha Heaven saa nzima, wakati sisi tukinywa chai, ili auone mwendo ukipanda na kushuka. Kisha akawasha kipimo cha OCCT kinachovilemea kichakataji na kadi kwa pamoja, kwa sababu mhariri wa video hutumia vyote viwili, na pawa saplai inayobeba kimoja inaweza kuangukia magoti ikibebeshwa viwili. Hapo UPS ndogo ya 650VA chini ya meza ikaanza kulia. UPS nyingi za namna hiyo hazifiki wati 400. "Hii si ya kufanyia kazi stima ikipotea," alisema, "ni ya kukupa dakika ya kuhifadhi na kuzima." Nalo likaingia daftarini.

Mwisho alimwomba kijana mradi wake mwenyewe, harusi ileile iliyomshinda, na kuutoa mzima kwenye programu ya kuhariri, DaVinci Resolve. Wako wanaosema kipimo hiki si cha kitaalamu kwa sababu hakina alama ya mwisho ya kujivunia. Mimi naona ndicho kipimo kinachodai utaalamu mkubwa zaidi, maana kinamtaka fundi akubali kwamba programu zake zote nzuri zilikuwa za kutengeneza njia. Fundi wa mashua kule Shimoni haisifu kalafati yake chombo kikiwa mchangani.

Na kazi halisi inashtua. Julai 2021 gemu la New World lilipofunguliwa kwa majaribio, kadi kadhaa za bei ghali za RTX 3090 zilikufa, baadhi watu wakiwa bado kwenye menyu, huku menyu ikichorwa kwa kasi isiyo na kikomo. EVGA, iliyotengeneza nyingi kati ya zilizokufa, baadaye ilieleza kwamba lehemu ilikuwa na kasoro. Mwaka 2010 StarCraft II nayo ilikuwa na skrini tulivu zilizozichemsha kadi kwa namna hiyo. Skrini isiyofanya lolote la maana, imeua ama kuchemsha kuliko vita. Kwa hiyo fundi anapomwekea kijana wa gemu kikomo cha fremu 60 kwa sekunde, asidhaniwe anamnyima raha.

Kuna jambo moja la mahali ambalo halimo kwenye maelekezo ya programu yoyote. Joto la kadi linajengwa juu ya joto la chumba, karibu nyuzi kwa nyuzi. Kadi iliyopimwa Nairobi mwezi wa Julai, chumba kikiwa na nyuzi 20, ikatulia 73, itataka kufika 85 ikiletwa kwenye chumba cha nyuzi 32 hapa Ukunda, na kwa kadi nyingi hapo ni juu ya mstari zinapoanza kujipunguza. Muuzaji hakudanganya, alipima kwake. Ndiyo sababu fundi wetu hapimi asubuhi. Anapima baada ya adhuhuri, kompyuta imefungwa ubavu wake, mahali pake pa kawaida.

Mahali pake pa kawaida, kwa kijana huyu, ni Msambweni, chumba cha mabati, kompyuta imeingizwa ndani ya dawati la mbao lenye mlango. Fundi alipolisikia hilo dawati aliweka kalamu chini. Nambari zote alizoziandika zilikuwa za duka lenye feni ya dari na mlango wazi barabarani. Akampigia hesabu mbele yake: ndani ya dawati lililofungwa, chini ya mabati, saa nane mchana, hewa inayoifikia kadi yaweza kuwa nyuzi 40 na zaidi. Ule mstari uliolala kwenye 74 ungeamka.

Alimpa njia mbili. Moja, mlango wa dawati ung'olewe. Ya pili, kadi ipunguziwe umeme: kwenye programu ya MSI Afterburner kuna kidude cha kusogeza, ukikishusha hadi asilimia 80, kadi ya wati 170 inakula 136, na kinachopotea kwenye kasi ni kidogo kuliko unavyofikiria. Kijana alichagua zote mbili. Fundi akakishusha kidude, akakihifadhi kiwe kinawaka chenyewe kila kompyuta ikianza, akafungua ukurasa mpya wa daftari na kuandika saa. Kadi iliyobadilishwa umeme wake haina kipimo bado, hata kama ni ileile ya dakika tano zilizopita. Akaanza tena na memtest_vulkan.